Ita Dohani Kabla Hujanunua Nyumba

Mkiingia kwenye nyumba mnayotaka kuinunua, wanangu, mnaangalia nini kwanza? Msinijibu, najua. Mnaangalia vigae. Mnaangalia kama choo kiko ndani, kama gari litageuka uani, kama mtandao unashika. Halafu mnafika jikoni, mnakuta meko ya kuni yamejengewa ukutani na dohani imepanda hadi nje ya paa, mnapiga picha, "Jamani, ya kizamani, imependeza!", mnaondoka. Hakuna hata mmoja anayepiga magoti akaingiza kichwa humo ndani akaona kuna nini. Mimi nimeingiza kichwa humo ujana wangu wote na utu uzima wangu wote, na hata siku ya ubatizo wa mwanangu Shija nilikwenda kanisani na masizi kwenye nywele. Kwa hiyo leo mtanisikiliza, mpende msipende.

Mimi ni Mama Shija. Nilikuwa fundi wa meko na dohani hapa Mwanza, pamoja na mume wangu Mabula, Mungu amrehemu. Nilianza kama saidia fundi wake. Nilichota maji, nilikanda udongo wa kichuguu, maana meko hayajengwi kwa saruji kama mnavyofanya nyie. Saruji ikipigwa na moto kila siku inatoka vipande vipande. Udongo wa kichuguu uliochekechwa, ukatiwa majivu kidogo, ndio unaolishika tofali la kuchoma mpaka wajukuu wazaliwe. Mwisho nikajikuta juu ya paa. Sababu yenyewe ni rahisi: Mabula alikuwa mnene, akikanyaga bati linalia mtaa mzima, na mimi nilikuwa mwepesi. Watu walisema sana. Mwanamke juu ya paa, tena kavaa suruali ya mumewe chini ya kitenge! Mabula akawaambia, "Haya, inukeni hapo mlipo mje mpande nyie." Hakuna aliyekuja.

Sasa sikieni tulivyofanya kazi. Kabla hatujagusa tofali lolote, Mabula alipiga magoti mbele ya meko, akaingiza kichwa, akaita kwa sauti ya kuongea tu, bila kupaza: "Upo?" Mimi juu nimelaza sikio kwenye mdomo wa dohani, najibu: "Nipo!" Tukisikiana vizuri, njia ya moshi iko wazi. Sauti ikifika imefifia, kuna kitu kimekaa humo. Na mwenye nyumba tulimpa kazi moja, aende chumba cha pili, akae karibu na ukuta, asikilize. Akituambia, "Mbona nimewasikia kama mko humu humu chumbani?" Mabula anatikisa kichwa. Ukuta mzima wa tofali hauachii sauti ndogo namna hiyo. Ikipenya, pana ufa, na kwenye ufa moshi hauombi ruhusa. Tena wa kuogopa zaidi si moshi unaowasha macho, huo utaukimbia. Kuna ule usioonekana na usionuka, unaingia taratibu watu wamelala, asubuhi hawaamki.

Hatukuishia kwenye sauti, msije mkaenda kusema Mama Shija anapima nyumba kwa kupiga kelele. Baada ya kuitana tuliwasha karatasi na majani mabichi kidogo, tukazunguka kila chumba tukinusa na kutazama. Lakini ile sauti ilitangulia kila siku, na ndiyo ninayoikumbuka.

Kuna siku huko Igoma tuliitwa na mama mmoja mwenye mgahawa, meko yake yanarudisha moshi, wateja wanakula huku wanalia machozi. Mabula kapiga magoti. "Upo?" Mimi nimejibu, hanisikii. Akarudia kwa nguvu, "Upo?" Wakamjibu nyuki. Yallah! Yule mtu mnene sijui alipitaje kwenye dirisha lile, mpaka leo sijui. Mimi juu ya paa sina pa kukimbilia, nimelala kifudifudi nimejifunika kitenge, namsikia chini anapiga mayowe, "Mama Shija, upo? Mama Shija, upo jamani?" Nikajibu, "Nipo!" na nyuki mmoja akanipiga mdomoni. Tulirudi nyumbani mimi mdomo umevimba, yeye jicho moja limefumba, tukawa tunatazamana tunacheka mpaka Shija akaanza kulia akidhani tumerogwa.

Nina hamu na yule mtu. Nasema wazi tu, sioni aibu. Hata leo nikiwa nafua uani peke yangu, nasikia kama ameita, na mdomo unataka kujibu.

Haya, turudi kwenye nyumba zenu. Siku hizi mambo yamebadilika, watu wanajenga kwa picha za kwenye simu. Niliwahi kupelekwa kwenye nyumba moja mpya, nzuri kweli, sebuleni wameweka meko ya kuotea moto yamezungushiwa marumaru. Kwenye joto hili la Mwanza! Juu ya paa dohani imesimama, imepakwa rangi. Nikaingiza kioo kidogo cha mkononi ndani ya meko nikakielekeza juu. Kioo safi kinatakiwa kukuonyesha kipande cha mbingu. Mimi nikaona giza. Nikamwambia dalali alete tochi, tukaona dari. Kumbe ya juu ilikuwa juu na ya chini ilikuwa chini, hazijawahi kukutana. Dalali ananiambia, "Mama, hiyo ni ya urembo." Nikamuuliza, na mwenye kununua akijisikia kuwasha urembo siku ya sikukuu, wageni wamejaa, dari la jipsamu na mbao kavu juu yake, itakuwaje? Akaanza kunitafutia soda.

Kwa hiyo bebeni kioo. Bebeni na kitambaa cheupe, mpanguse ndani ya dohani. Masizi makavu, ya unga, hayana neno, yanafagiwa. Yakiwa yanang'aa na kunata kama lami, jueni watu walichoma kuni mbichi miaka mingi, na lami ile siku ikishika moto, dohani yote inanguruma na paa linafuata. Pandeni darini mtazame kama kuna mbao imeiegemea dohani. Nuseni mapazia na chandarua cha chumba kinachopakana na jiko, kwa sababu kuta zinapakwa rangi lakini chandarua husahaulika. Na rangi yenyewe, mkiona nyumba nzima imechakaa ila pale juu ya meko pamepakwa juzi, ulizeni kuna nini. Wekeni miadi alasiri, upepo wa ziwani ukishaanza, maana asubuhi kila dohani ina adabu.

Hayo yote Mabula alinifundisha, mengine kwa upole na mengine kwa kunifokea. Na yote niliyatumia kwa mara ya mwisho mwaka jana, kwenye nyumba moja ya mlimani juu ya Mkuyuni. Hiyo ndiyo niliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo, nimezunguka tu kwa sababu inanigusa.

Alinijia binti mmoja wa Kihaya anaitwa Kokusima, anafanya kazi ofisini hapo mjini Nyamagana. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake, Ta Rwechungura, amebaki peke yake kwenye kahawa na migomba yake huko Kagera. Hiyo "Ta" ndivyo Wahaya wanavyomheshimu mzee. Kifua cha mzee kilikuwa kibovu, anakohoa, na Koku alitaka ahamie Mwanza wakae wote. Amempeleka nyumba moja, nyingine, nyingine tena, kila akiingia mzee anauliza, "Moto uko wapi?" Wakimwonyesha jiko la gesi anasema, "Hicho ni kiberiti." Yeye na marehemu mkewe walikaa kwenye moto kila jioni ya maisha yao, na alikuwa amesema hatakufa kwenye nyumba isiyo na mahali pa kukaa hivyo. Hii ya Mkuyuni ndiyo pekee aliyoingia akavua kofia.

"Mama Shija," Koku akaniambia, "asipoipata hii anarudi Jumamosi. Na kwa kile kifua, akirudi kule peke yake sijui kama nitamkuta."

Nikamuuliza kwa nini amenitafuta mimi. Akasema dalali amemwambia meko yale yalijengwa na Fundi Mabula.

Wanangu, kazi za Mabula zilikuwa zimekwisha. Ule mgahawa wa Igoma umevunjwa. Nyumba nyingine zimekuwa maduka, nyingine watu wameziba meko wakaweka friji. Nilidhani haikubaki hata moja. Siku ya kwenda kuikagua ile ya Mkuyuni nilivaa kitenge changu kipya. Shija akanicheka, "Mama, unakwenda kwenye dohani au harusini?" Nikamwambia anyamaze.

Mnazijua nyumba za mlimani kwetu, zimebanwa na majabali. Hii nayo imejengwa imeegemea jabali moja kubwa, linapita nyuma ya jiko, linaendelea nyuma ya chumba cha kulala. Siku tulipojenga, mwenye nyumba wa wakati huo alisema tulitumie jabali kama ukuta wa nyuma wa meko, tuokoe tofali. Mabula alikataa katakata. Alijenga ukuta wake wa tofali, akaacha nafasi ya kiganja kati yake na jabali, na mimi nikaingiza mkono humo kutoa udongo ulioanguka.

Tulipofika, nikamwamkia Ta Rwechungura, "Shikamoo, Ta," akaitikia, mzee mrefu, kofia mkononi, anahema. Koku na dalali wakabaki nje. Nikadhani na mzee yuko nao. Nikaingia jikoni peke yangu, nikapiga magoti.

Ukuta wa nyuma haukuwepo. Mtu alikuwa ameubomoa. Nyavu za chuma zilizoachwa pale na harufu ya sangara wa kukausha vilinieleza kila kitu: kuna mwenye nyumba aliyetaka meko yawe mapana apange samaki wake wa biashara, akaona jabali lipo, la nini tofali? Jiwe litaungua? Na huyo ni mtu wa Mwanza! Sote hapa tunajua jiwe linapasuliwaje. Linawashiwa moto mpaka lipate moto sawasawa, linapigwa nyundo, linatoka, akina mama wanakaa wanagonga kokoto. Mtoto mdogo anajua. Lakini jiwe likiwa ndani ya nyumba yetu tunaliona kama ni la ukoo mwingine.

Nikaingiza kioo. Mbingu ikaonekana, kipande kidogo, safi. Dohani yake imesimama! Nikaingiza kichwa, nikasikia harufu ile ya udongo na masizi, na sikujizuia. Juu hapakuwa na mtu, nilijua hapana mtu. Nikaita tu, kwa sauti ndogo, kama alivyokuwa akiita yeye.

"Upo?"

"Nipo!"

Sauti ya mwanaume. Ya mtu mzima, nzito, ya kifuani, na iko karibu, inatoka ndani ya jiwe. Nilijigonga kichwa kwenye tofali. Nikasema, "Mabula?"

"Mabula ndiye nani?" sauti ikasema. "Mimi Rwechungura. Nimejipumzisha huku chumbani, wamesahau kitanda. Wewe mama uko wapi, mbona unaongea ukutani?"

Nilikaa chini kwenye majivu na kitenge changu kipya. Nikacheka, halafu nikalia, halafu sijui kipi kilikuwa kipi. Kwa dakika ile nilikuwa nimejibiwa, mnaelewa? Baada ya miaka yote ile. Ndipo akili ikarudi ikaniambia: Mama Shija, mzee amekusikia akiwa kitandani, na ulikuwa unanong'ona.

Nikamtoa mzee nje, nikawasha majani mabichi. Moshi ukapanda vizuri, dalali kule nje anapiga makofi, "Mnaona! Mnaona!" Nikamshika Koku mkono tukaenda chumbani. Pale juu ya mto wa kitanda, ukuta unapokutana na jabali, palikuwa na rangi mpya, na katikati ya rangi mpya moshi unatoka, mwembamba, haukatiki. Nikaweka kiganja kwenye jiwe, magamba yake yakaanguka kitandani. Koku alitazama mto tu.

Dalali akaingia, akasema, "Hiyo plasta kidogo tu, mama." Nikamwambia jiwe linatanuka moto ukiwaka na linajikunja moto ukizimika, kila siku ya Mungu, plasta yako italishika kwa lipi? Na ubaya haukuwa kwenye ufa peke yake. Bila ule ukuta wa nyuma, dohani ilikuwa imeegemea jabali linalomeguka, na nilipoishushia timazi nilikuta imeinama.

Nilitamani kusema inarekebishika. Nawaambieni ukweli, nilitamani sana. Ilikuwa ya mwisho. Tukatoka wote nje aliposimama mzee, nikasema, "Hii inashuka yote, tangu juu mpaka chini."

Ta Rwechungura akavaa kofia. "Basi nimesikia. Koku, nikatie tiketi."

"Ta," nikamwambia, "shikamoo yako nilishakupa mlangoni, sasa na wewe nisikilize. Sijasema nyumba haina moto. Nimesema haina moto huu. Nipe nafasi nikuwekee wako."

Akauliza, "Wewe? Kwa magoti hayo?"

Sikuwa mimi, ni kweli. Mzee aliahirisha safari, na Koku akambana mwenye nyumba mpaka akakubali meko yajengwe upya kwanza ndipo wauziane. Aliyejenga ni Sospeter, fundi wa siku hizi, kijana mzuri ila hajawahi kugusa udongo wa kichuguu. Mimi nilikaa kwenye kigoda namfokea. Alianza kubomoa juu, na vipande vilivyoshuka nikavipokea kimoja kimoja. Mabula hakusawazisha ndani ya dohani kwa mwiko, kwa sababu mwiko huacha vijukwaa masizi yakakaa. Alisawazisha kwa mkono mtupu. Basi kila kipande kilichokuja kilikuwa na michirizi ya vidole vyake, vinne vinne, imekauka vile vile alivyoiacha. Nikaweka vidole vyangu humo, vikapwaya.

Sospeter aliona, akaacha kazi, akasema, "Mama, tukihifadhi hivi?" Nikamwambia atafute pipa. Udongo wa juu, ambao moto haukuufikia sana, unalowekwa na kukandwa tena. Niliuloweka mwenyewe, nikaukanda mwenyewe, vidole vya Mabula vikaingia kwenye udongo mpya, na huo ndio uliojenga. Ukuta wa nyuma ukasimama peke yake, mbali na jabali, nafasi ya kiganja. Nilimlazimisha Sospeter asawazishe ndani kwa mkono. Alilalamika kuhusu kucha zake.

Ulipokauka tukajipanga. Sospeter juu ya paa. Ta Rwechungura kitandani, kichwa upande wa ukuta, Koku pembeni yake. Mimi chini.

"Upo?"

"Nipo, mama!" Sospeter, kutoka juu, safi kabisa.

Nikarudia, nikarudia tena. Nikajikokota mpaka chumbani. Mzee amelala chali, mikono kifuani, macho kodo.

"Ta, umesikia nini?"

"Nisikie nini? Si nakusubiri uanze."

Koku akaziba uso kwa mikono miwili. Mzee akaniuliza, "Kwa hiyo ni nzuri hiyo, kutosikia?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo tulichokuwa tunakitafuta. Akafikiri kidogo. "Na yule Mabula uliyemwita siku ile?" Nikamweleza. Akainuka akaketi kitandani, akasema, "Nilijibu mahali pake bila kujua. Unisamehe, mama."

"Ulijibu vizuri, Ta," nikasema.

Wakatoka uani kuchukua kuni, Sospeter ameshashuka ananawa mikono. Nikarudi jikoni peke yangu. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa, harufu ilikuwa ile ile. Nikaita kwa sauti ndogo, "Upo?" Nikasikiliza sana, wanangu. Hakuna aliyejibu, juu wala ukutani. Nikajipangusa magoti, nikatoka mlangoni, nikamwambia Ta Rwechungura aje awashe moto wake.